Guitar Vader: sauti tuliyoijua kabla ya jina

Leo historia yetu inatoka mbali, Japani, lakini ilianzia hapahapa kambini, kwenye flashi.

Mwenzetu mmoja aliachiwa flashi na kaka yake siku ile kaka anapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, akihamishiwa nchi ya tatu. Ndani kulikuwa na picha za familia, filamu mbili za Kihindi, na folda ya nyimbo zisizo na majina. Namba tu: 09, 10, 11, 12. Tukazipiga kwenye spika ya kituo cha vijana. Nyingine zilikuwa za kuruka ruka, sauti za watu zimekatwakatwa vipande kama karoti. Lakini namba 11 ilikuwa kitu kingine. Gitaa chafu kidogo, ngoma rahisi, na dada mmoja anaimba bila kujikaza, kama anaimba huku anafua. Hatukushika maneno. Tuliipenda hivyohivyo, tukaipiga mpaka spika ikaanza kukoroma.

Ni nani huyo? Wengine wakasema Mchina, wengine Mkorea. Miezi ilipita. Tukaja kujua kwa bahati tu: kijana wa bloku ya pili alikuwa anaangalia video ya gemu ya zamani kwenye simu, tukasikia wimbo wetu unatoka pale. Gemu inaitwa Jet Set Radio. Wimbo unaitwa Magical Girl. Bendi inaitwa Guitar Vader.

Bendi yenyewe ilianza Japani mwaka 1998. Msingi wake ni watu wawili: Ujuan Shozo, mwanaume, anapiga gitaa na kuimba, na Miki Tanabe, mwanamke, anapiga besi na kuimba. Huyo Miki ndiye dada yetu wa namba 11. Hawakuwa nyota. Walikuwa wale wanamuziki wa chini kwa chini: kurekodi kwa pesa kidogo, kupiga kwenye kumbi ndogo, kuuza kazi yao wenyewe bila kampuni kubwa ya kuwabeba. Albamu yao ya kwanza inaitwa Die Happy!, na ukiisikiliza unasikia kabisa kwamba hakuna mtu aliyeisafisha sana. Japani ina bendi za namna hiyo nyingi mno. Nyingi zinazaliwa, zinapiga miaka mitatu minne mbele ya marafiki zao, zinakufa, na nje ya mji wao hakuna anayejua kwamba ziliwahi kuwepo.

Kwa nini hii haikupotea hivyo? Hapo turudi nyuma kidogo, kwenye historia ya muziki wa gemu.

Mwanzoni gemu haikuweza kubeba wimbo. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, Famicom, ilikuwa na njia tano tu za sauti, na sauti zenyewe zilitengenezwa na chipu: vilio, mlio wa chini, mchakacho wa kuiga ngoma. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, gemu nzima pamoja na picha, ramani na muziki wa Koji Kondo, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako leo inazidi hiyo mara nyingi. Kwa hiyo mtunzi wa gemu alikuwa ni mtu wa kuhesabu. Bendi yenye gitaa na mdomo haikuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango ulifunguliwa na diski. PlayStation ilipotoka Japani mwisho wa 1994, gemu zilikuwa kwenye CD, na CD inabeba wimbo kama ulivyorekodiwa studio. Waingereza wakaingia haraka: mwaka 1995 gemu ya mbio iitwayo Wipeout iliweka nyimbo za Orbital, Leftfield na Chemical Brothers. Mwaka 1999 Wamarekani wakatoa Tony Hawk's Pro Skater, ikajaa bendi za panki, na vijana waliokuwa hawasikilizi redio ya muziki huo wakajikuta wanajua Superman ya Goldfinger kichwani, kwa sababu wameicheza mara mia wakijaribu kuruka ngazi. Tofauti na redio iko hapo. Redio inapiga wimbo mara moja, inaendelea. Gemu inakupigia wimbo uleule kila unaposhindwa, na sisi tunashindwa sana.

Sasa kampuni ya Sega ilikuwa na mashine yake, Dreamcast, iliyotoka Japani Novemba 1998. Diski zake zilibeba karibu gigabaiti moja. Ndani ya Sega kulikuwa na kikosi kilichoitwa Smilebit, na tarehe 29 Juni 2000 wakatoa Jet Set Radio, mkurugenzi wake akiwa Masayoshi Kikuchi. Muziki mwingi ulitungwa na Hideki Naganuma. Huyo ndiye mwenye zile nyimbo za kukatakata sauti, anachukua neno la mtu analigeuza kuwa chombo. Lakini hawakumwachia Naganuma kila kitu. Wakatafuta pia nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na watu wengine, na kwa Guitar Vader wakachukua mbili: Super Brothers na Magical Girl.

Ni muhimu mjue gemu yenyewe inahusu nini, maana ndipo wimbo ulipata maana yake. Iko kwenye mji wa kubuni uliochorwa kwa sura ya Tokyo. Vijana waliotoka makwao wanatembea kwa viatu vya magurudumu, wanachora kuta kwa rangi ya kupuliza. Hawana silaha. Wanafuatwa na kapteni wa polisi aitwaye Onishima mwenye bastola kubwa kuliko akili yake, halafu baadaye zinakuja helikopta na vifaru. Vifaru! Kwa watoto wenye makopo ya rangi. Juu yao kuna kampuni moja, Rokkaku, inayotaka mji wote uwe mali yake. Na kinachowaunganisha vijana ni redio isiyo na kibali. Mtangazaji, anayejiita Professor K, anakaa mahali fulani anapiga nyimbo na kuwaambia nani yuko wapi.

(Tunasema mapema, wadogo zetu: hatuwafundishi kuchora kuta za ofisi. Kiongozi wa bloku akituita, kila mtu ajibu mwenyewe.)

Mnaona basi. Nyimbo zote unazosikia kwenye gemu ile ni kama zinatoka kwenye redio ile. Sasa ukitengeneza redio ya watu wasio na kibali halafu ukaijaza nyimbo za nyota wanaopigwa kila mahali, nani atakuamini? Walihitaji bendi ambayo kweli ilikuwa inarekodi chini kwa chini. Uchafu wa gitaa la Guitar Vader, ule ambao studio kubwa ungeuosha, pale ulikuwa ndio ushahidi.

Tukibishana juu ya hili kituoni, dada mmoja alituuliza swali gumu. Akasema: lakini Sega si kampuni kubwa vilevile? Inauza hadithi ya kupinga kampuni kubwa, na pesa inaingia kwa kampuni kubwa. Ni kweli, na hatuna jibu la kumnyamazisha. Tunaloweza kusema ni kwamba bendi haikuibiwa. Iliombwa, nyimbo zikatumika kwa leseni, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya waliotengeneza kazi. Kwa bendi ya watu wawili hilo si dogo.

Gemu ilipoenda Marekani ikabadilishwa jina, ikaitwa Jet Grind Radio, na nyimbo za Kimarekani zikaongezwa, za kina Jurassic 5 na Rob Zombie. Guitar Vader hawakuondolewa. Kwa hiyo mtoto wa Chicago alisikiliza Rob Zombie akitoka hapo anaangukia Miki Tanabe, bila mtu yeyote kumwambia huyu ni mkubwa na huyu ni mdogo.

Wachambuzi waliisifu sana. Lakini mashine yenyewe ilikuwa inakufa. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast, ikaachana kabisa na biashara ya mashine. Mwaka 2002 Smilebit wakatoa gemu ya pili, Jet Set Radio Future, safari hii kwenye Xbox ya Microsoft, na Guitar Vader wakarudi tena na nyimbo mbili, I Love Love You na Baby-T. Baada ya hapo bendi iliendelea kutoa albamu kwa miaka kadhaa, haikuwa nyota, ikanyamaza taratibu.

Kwa hesabu ya kawaida hadithi ingeishia pale. Mashine imekufa, bendi imenyamaza. Lakini waliocheza wakiwa na miaka kumi na miwili walikua. Mwaka 2012 Sega ilirudisha gemu ya kwanza kwenye mashine mpya na kompyuta, na Magical Girl ikapata wasikilizaji ambao wengine walikuwa hawajazaliwa ilipotoka. Mwaka 2023 kikundi cha Uholanzi, Team Reptile, kikatoa Bomb Rush Cyberfunk, gemu iliyofuata nyayo zilezile waziwazi, na Naganuma mwenyewe akachangia nyimbo.

Ila hapa kuna jambo linalotuumiza kichwa, na ndilo lililotufanya tuandike. Gemu iliporudi 2012, nyimbo kadhaa za toleo la zamani hazikurudi, kwa sababu ya leseni. Future, ya mwaka 2002, haijarudishwa mpaka leo. Na Desemba 2024 Sega iliondoa gemu zake nyingi za zamani kwenye duka la Steam, Jet Set Radio ikiwa ndani yake. Aliyeinunua anayo. Asiyeinunua hawezi tena kuinunua pale. Yaani gemu ilikuwa mgongo uliombeba mtu mdogo kuvuka mto, lakini mgongo si wake. Mwenye mgongo akikaa chini, na wewe umekaa.

Tunajua hilo kwa sababu yametukuta, kwa kiwango chetu.

Mwaka juzi kuna timu ilikuja kupiga filamu fupi juu ya maisha ya kambini. Watu wazuri, walikunywa chai na sisi. Wakatusikia tukifanya mazoezi, wakaomba wimbo wetu mmoja, tukawapa kwenye flashi tukifurahi. Hatukuandikiana kitu. Filamu ilipotoka, wimbo ulikuwemo, mwanzo mpaka mwisho. Chini yake paliandikwa: muziki, vijana wa kambi. Basi. Dada aliyeutunga amekaa na sisi kila Jumamosi, ana jina alilopewa na mama yake. Alipoiona akacheka tu, akasema angalau imefika. Lakini wiki mbili hakuja mazoezini.

Hatusemi walikuwa na nia mbaya. Pengine waliona "vijana wa kambi" ni jina la heshima. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba mlifikirie hili bila kukasirika: kwenye karatasi za mgao mnatuandika mpaka jina la babu na alama ya kidole. Kwenye wimbo tunakuwa umati.

Ndiyo maana Guitar Vader wanatugusa kuliko nyota. Hawakupata utajiri kwenye gemu ile, hatudhani. Lakini miaka ishirini na kitu baadaye, kijana wa bloku ya pili aliandika jina la gemu kwenye simu yenye chaji ya asilimia tisa, na jina lao likaja. Likaja jina la wimbo, jina la Miki, jina la albamu. Njia ilikuwepo kwa sababu kuna mtu aliandika jina pale mwanzo.

Mwezi huu tumerekodi nyimbo tatu mpya, kwa simu, blanketi limefungwa dirishani kuzuia upepo. Mwenzetu aliyesoma biashara sekondari ametuandikia karatasi ya nusu ukurasa: wimbo ni wa nani, ametunga nani, anayetaka kuutumia aombe kwa nani, na jina liandikweje. Kuna mtu wa mradi mmoja ameshaiomba moja kwa ajili ya video ya mafunzo. Tumempa karatasi kwanza. Ameichukua, amesema ataipeleka ofisini, tunasubiri.

Na ile flashi bado iko kituoni. Jumamosi tulikaa tukabadilisha majina ya mafaili moja moja. Namba 11 sasa imeandikwa Magical Girl, Guitar Vader. Namba 09 bado hatujaijua ni ya nani. Anayeweza kuitambua apite kituoni, tuna spika mpya.