UZI: Leseni ya TV ya waya kijijini hutolewa na nani? Tuchukue mfano wa Laare

1/ Kila msimu wa kura hakosi mtu wa kupanda jukwaani na kuahidi: "Nipeni kiti, nitawaletea TV yenu wenyewe." Nusu ya watu hupiga makofi. Nusu nyingine huulizana, kwani leseni hutoka wapi? Hapa hatutaji mtu wala chama. Tunafuata historia tu. Twende polepole.

2/ Tuseme kijana wa Laare, kule Igembe Kaskazini, ana kibanda cha video. Jioni watu wakitoka kwa miraa wanaingia kutazama mpira. Siku moja jirani anamwambia, "Si univutie waya mpaka kwangu, nitakulipa kila mwezi." Jirani wa pili anasikia, naye anataka. Zikifika nyumba 20, hicho si kibanda tena. Hiyo ni TV ya kebo. Sheria imeshabadilika, ingawa yeye anaona ni waya tu.

3/ Kwa nini? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi. Sinema na maonyesho ya video ni ya kaunti. Utangazaji wa redio na televisheni ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo leseni ya kibanda ataitafuta Meru. Waya ukivuka ua kwenda kwa wateja wanaolipa, anatazama Nairobi, kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Anayegombea kiti cha kaunti akikuahidi leseni ya TV, anaahidi kitu ambacho si chake.

4/ Wazo lenyewe si geni. Kebo ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye miji midogo ya Pennsylvania na Oregon ambako milima ilizuia mawimbi. Watu waliweka antena moja kubwa juu, wakashusha waya hadi majumbani. Mtu wa Nyambene anaelewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Na Afrika waya ulitangulia: Accra, 1935, redio ilikuwa ikifika majumbani kwa waya.

5/ Sasa swali gumu: leseni ya nini? Kwa TV ya hewani sababu iko wazi. Masafa ni machache, na vituo viwili vikikalia masafa mamoja vinagongana. Lakini waya hauchukui masafa ya mtu. Wamarekani walibishana hivyo hivyo mpaka Mahakama ya Juu yao, ambayo 1968 iliamua kwamba mdhibiti wa mawasiliano anaweza kusimamia kebo pia.

6/ Kwetu leseni ina historia nyingine. TV ilianza 1962. Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji, likawa Sauti ya Kenya. 1989 likawa KBC. TV ya kwanza ya binafsi, KTN, ilianza 1990. Leseni ilikuwa mkononi mwa serikali, na bila kanuni wazi mtu angeweza kusubiri miaka. Hata redio ya jamii ya Homa Bay, iliyoanza 1982 kwa msaada wa UNESCO ikitangaza Kidholuo, ilifungwa baada ya muda mfupi.

7/ Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Sheria ya 1998 ilileta Tume ya Mawasiliano. Marekebisho ya 2009 yaliweka utangazaji chini yake na kuugawa mara tatu: wa umma, wa biashara, wa jamii. Kisha Kifungu cha 34 cha Katiba kikasema leseni iwe ya kusimamia mawimbi na usambazaji wa matangazo tu, isitawaliwe na serikali, siasa wala biashara. Lakini karatasi ni karatasi. Januari 30, 2018, vituo vikubwa vya TV vilizimwa kwa siku kadhaa. Kama wakubwa walizimwa, wa nyumba 20 ajitetee na nini?

8/ Tusidanganyane pia: si kila sharti ni uonevu. Kulipia king'amuzi cha nyumbani hakukupi haki ya kuuzia kijiji kizima matangazo yale yale. Mpira na filamu zina wenyewe. Waya uliofungwa ovyo kwenye nguzo ya stima unaweza kuua. Na watoto wanatazama. Haya yote yanahitaji msimamizi.

9/ Shida ni ukubwa wa mlango. Majirani zetu Tanzania, kwenye mfumo wao wa leseni wa 2005, waliweka ngazi: ya kimataifa, ya kitaifa, ya mkoa na ya wilaya. Mtu wa wilaya moja anaomba leseni ya wilaya moja. Kenya nayo 2021 iliweka utaratibu mwepesi kwa mitandao ya intaneti inayomilikiwa na jamii. Kumbe inawezekana.

10/ Kuna faida gani? Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Uamuzi ulitoka London, mabishano yakawa Nairobi, hasara ikashuka Laare. Kijiji chenye chaneli yake kingekaa chini na kuulizana kwa Kiigembe: sasa tunafanyaje? Hilo king'amuzi cha mpira hakiwezi.

11/ Kwa hivyo mtu akikuahidi TV, usimuulize "lini?" Muulize haya:
– Sheria gani utabadilisha, na kiti chako kina uwezo huo?
– Ada italingana na nyumba 20 au na nyumba milioni?
– Haki za filamu na mpira zitalipwa na nani?
– Chaneli ikikukosoa wewe, nani atakuzuia kuizima?

12/ La mwisho ndilo zito. Akilijibu haraka sana, mwombe arudie polepole.

Uzi umeisha. Una hoja tofauti? Iweke hapa chini, tusikizane.