Ufundishaji Bayana wa Kusoma

Ufundishaji bayana ni njia ya kufundisha ambayo mwalimu humwonyesha mwanafunzi kila hatua ya ujuzi unaotakiwa, huifanya hatua hiyo pamoja naye, kisha humwachia aifanye peke yake huku akimsikiliza na kumsahihisha. Katika somo la kusoma, mtoto haachwi abahatishe neno kwa kutazama picha, wala hangojwi agundue mwenyewe kwamba alama fulani husimamia sauti fulani. Huambiwa, huonyeshwa, hujaribishwa, na hurudiwa mpaka jambo limkae.

Njia hii ilipata umaarufu kupitia wataalamu wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Siegfried Engelmann alitunga masomo ya kusoma kwa watoto wa familia maskini, kila somo likiwa limepangwa hadi maneno atakayoyasema mwalimu. Mpango wake ulikuwa miongoni mwa ile iliyolinganishwa katika mradi mkubwa wa serikali ulioanza mwaka 1968, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1977 yalionyesha kuwa watoto waliofundishwa kwa njia yake walikuwa mbele katika stadi za msingi. Barak Rosenshine naye alichunguza wanachofanya walimu ambao wanafunzi wao husonga mbele: hurejea somo la jana, hutoa jambo jipya kidogo kidogo, huuliza maswali mengi, na hawaendelei kabla ya kuhakikisha kuwa wengi wameelewa.

Kwa Kiswahili wapo wanaoiita njia hii “ufundishaji wa moja kwa moja”, lakini maneno hayo yamekwisha kushikwa na matangazo ya redio na vipindi vya ana kwa ana. “Ufundishaji wa wazi” nao humpeleka msomaji kwenye masomo yasiyo na masharti ya kujiunga. “Bayana” hulenga jambo lenyewe: kilicho bayana hakihitaji kufasiriwa. Neno hili pia lina jamaa zake, kubainisha na bainifu, ambazo walimu wa lugha wanazijua tayari, kwa hiyo ni rahisi kusema kwamba mwalimu hubainisha sauti kabla ya kudai isomwe. Istilahi inayoweza kuzaa kitenzi darasani inafaa kuliko ile inayobaki kwenye jalada la mwongozo.

Lengo la ufundishaji huo ni ufasaha wa kusoma, na hapa pana hatari ya kupotoka. Katika mazungumzo ya kawaida ufasaha ni usemaji mzuri, hivyo mwalimu anaweza kuridhika na mtoto mwenye matamshi ya kupendeza. Kitaalamu, ufasaha wa kusoma una mambo matatu: usahihi wa kutambua maneno, mwendo usiokwamakwama, na kiimbo kinachofuata maana. Mwaka 1974 David LaBerge na Jay Samuels walieleza kwa nini mwendo ni muhimu: akili ina uangalifu wenye kikomo, na mtoto anayeutumia wote kufungua herufi habakizi wa kuelewa habari. Ndiyo sababu mtoto anaweza kutamka sentensi nzima kisha asiweze kusema inahusu nini.

Gitega na Muyinga, nchini Burundi, ni mahali ambapo hitaji la ubayana huonekana upesi, kwa sababu mtoto wa Burundi hukutana na lugha nne shuleni. Kirundi ndiyo lugha ya kufundishia katika miaka ya mwanzo, Kifaransa huchukua nafasi yake baadaye, na Kiswahili na Kiingereza hufundishwa kama masomo. Muyinga iko karibu na mpaka wa Tanzania, na magari yanayopita kituo cha mpakani cha Kobero huja na Kiswahili chao. Lakini kukisikia Kiswahili sokoni si kukisoma ubaoni.

Sauti inayoanza neno “chai” inatosha kuwa mfano. Katika Kirundi chai ni “icayi”, na sauti ile huandikwa kwa herufi moja, c. Katika Kiswahili huandikwa kwa herufi mbili, ch. Mtoto huyohuyo, akifungua kitabu cha Kifaransa, huzikuta herufi hizohizo mbili katika “chaise”, yaani kiti, zikitamkwa kama sh. Msomaji mtu mzima haoni tena tofauti hizi. Amezizoea kiasi kwamba hawezi kudhani zinahitaji kuelezwa. Mtoto wa miaka minane anaziona kama hila.

Mwalimu anayefundisha bayana huziweka tofauti hizo mezani. Huandika “icayi” upande mmoja wa ubao na “chai” upande wa pili, hutamka, huzigusa herufi kwa kidole, husema kwamba sauti ni moja na maandishi ni mawili. Kisha husoma cha, che, chi, cho, chu. Darasa husoma pamoja naye. Halafu mtoto mmoja mmoja husoma bila msaada. Akikosea, haambiwi “sivyo” akaachwa hapo: hupewa jibu sahihi, hulirudia, na dakika chache baadaye huulizwa tena. Sh haifundishwi siku hiyohiyo, kwa kuwa mambo yanayofanana yakija pamoja huchanganya.

Kazi kama hiyo inahitajika kwa l na r, ambazo Kirundi hakizitofautishi, ndiyo maana “kulala” husomwa “kurara”, neno ambalo mtoto analo nyumbani. Inahitajika kwa “kitabu”, ambacho ulimi uliozoea “igitabo” huelekea kukisoma “gitabu”. Inahitajika kwa th, dh na gh. Kwingineko mzigo ni mwepesi: anayeweza kusoma “imfyisi”, yenye konsonanti tatu zilizoshikana, hatatishwa na “fisi”.

Kuimba pamoja si ufundishaji bayana. Tangu ada za shule ya msingi zifutwe mwaka 2005, madarasa mengi ya Burundi yamejaa, na katika umati ni rahisi sauti za watoto 20 kuficha ukimya wa 50. Kusoma kwa pamoja kuna faida kama hatua ya kati tu. Baada yake lazima kila mtoto asikike, hata kama ni kwa kusomeana wawili wawili. Samuels alipendekeza mwaka 1979 mtoto asome kifungu kifupi kilekile mara kadhaa mpaka mwendo utulie, na zoezi hilo halidai vitabu vingi.

Mwendo wenyewe upimwe kwa kipimo cha lugha husika. “Hawatatusomea” ni neno moja, na Kirundi nacho hulisema kwa moja, “ntibazodusomera”. Kifaransa huhitaji matano. Kenya ilizingatia jambo hili ilipoweka kiwango cha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza katika darasa la pili.

Msingi wa Burundi ni imara. Katika tathmini ya elimu ya msingi iitwayo PASEC, ya mwaka 2014, iliyohusisha nchi 10 zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi wa madarasa ya mwanzo waliongoza katika lugha, nao walipimwa kwa Kirundi wakati wengi wa wenzao walipimwa kwa Kifaransa. Kitabu cha Kiswahili cha shule za Burundi kijengwe juu ya msingi huo: kianze na herufi ambazo Kirundi na Kiswahili huzitumia sawasawa, kisha kifundishe moja baada ya nyingine zile zinazotofautiana, na mwongozo wa mwalimu umwandikie maneno ya kuzieleza.