Kiberiti, kutoka njiti hadi kinu

Mtu akisema “nipe kiberiti” anataka njiti za kuwashia moto. Lakini neno la Kiarabu lililolizaa, kibrit, maana yake ni salfa, na Kiswahili bado kina kiberiti upele: ule unga wa manjano wa kutibu ngozi. Inasikitisha kwamba darasani hubaki salfa tu.

Salfa hiyohiyo imo jikoni.

Punje nzima ya kitunguu saumu hainuki sana. Itwange kinuni: papo hapo kimeng’enya aliinasi hukutana na aliini, ikazaliwa alisini, yenye atomi 2 za salfa na harufu kali. Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitenga Marekani mwaka 1944. Ikivunjika, hutoa asidi inayonasa upesi radikali huru, zile zinazochachisha mafuta.