Mmasai wa muvi hana jina

Wadau, kumbuka muvi yoyote ya Kibongo yenye nyumba ya tajiri. Getini yuko nani? Mmasai. Shuka, rungu, na Kiswahili kilichopindishwa makusudi ili tucheke. Anafungua geti, anafokewa na mke wa bosi, basi. Jina hana, ni "we Masai" tu.

Hii haijaanza na Bongo Movie. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kampuni ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu. Stori yake: mshamba anaingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na mji unamtoa jasho. Sasa cheki, nyota wa filamu ile alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali aliyesoma Tabora. Mwaka 1962 huyo huyo akawa Waziri Mkuu. Yaani kwenye skrini alicheza stori ya mtu asiyejua mji, nje ya skrini akaongoza nchi! Ila mshamba yule angalau alipewa filamu nzima. Mmasai wetu anapewa dakika mbili.

Sisi wa Kilosa na Mikumi tunamjua Mmasai mwingine. Tunakutana naye mnadani, anauza ng'ombe, anahesabu hela zake taratibu na humdanganyi hata mia. Tunajua pia ya Desemba 2000, watu 38 walipouawa Rudewa kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tunaikumbuka operesheni ya 2009 ya kuondoa mifugo wilayani. Mifugo ikiisha, kijana anapanda basi kwenda Dar. Na mjini kazi anayopewa haraka ni ipi? Ulinzi. Kwa hiyo kabla hajafika kwenye lile geti alishaishi muvi nzima, ila kamera haikuwepo.

Sisemi wamfanye malaika. Huku kuna waliozika ndugu zao, hawataki hata kusikia neno mfugaji, na siwalaumu. Kuna wafugaji waliopoteza kila kitu. Na mtu mmoja anaweza kuwa ameonewa, halafu ng'ombe wake wakala mahindi ya jirani wiki hiyo hiyo. Mtu wa hivyo sijamwona kwenye muvi hata moja.

Haya, nitajieni Mmasai mmoja tu wa muvi ambaye mnakumbuka aliitwa nani.