Puliza Hapa: Sheria ya Sydney Iliyowafuata Walevi Barabarani

Kuanzia tarehe 17 Desemba 1982, askari polisi wa Sydney hakuhitaji tena sababu ya kumsimamisha dereva na kumwamuru apulize kipimo cha ulevi. Dereva angeweza kuwa anakwenda taratibu, taa zinawaka, mkanda kaufunga, hajamkosea mtu yeyote. Chini ya sheria mpya ya jimbo la New South Wales, kushika usukani kulitosha.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi, ambayo huko huangukia katikati ya kiangazi, msimu wa sherehe na bia baridi. Serikali ya jimbo, iliyoongozwa na Neville Wran, iliipa sheria hiyo miaka mitatu ya majaribio. Wenye baa walilalamika kwamba biashara yao ingekufa. Watetezi wa haki za raia nao walihoji tangu lini mtu asiyeshukiwa lolote alipaswa kuthibitisha kwa polisi kuwa hana kosa.

Ugomvi wa Sydney na pombe ulikuwa wa zamani. Februari 1916 maelfu ya wanajeshi walioudhika na ratiba ya mazoezi waliasi katika kambi za Casula na Liverpool, wakavamia baa na kupanda treni hadi mjini, ambako vurugu ziliishia kwa risasi katika stesheni kuu. Mwaka huohuo wananchi walipiga kura baa zifungwe saa kumi na mbili jioni. Kwa karibu miaka arobaini wanaume waliotoka kazini saa kumi na moja walikuwa na saa moja tu ya kunywa, nao waliinywa yote kwa pupa. Mwaka 1955 muda ulisogezwa hadi saa nne usiku. Lakini kufikia hapo mambo yalikuwa yamebadilika: magari ya Holden, yaliyoanza kutengenezwa Australia mwaka 1948, yalikuwa yamejaa mitaani, na vitongoji vilikuwa vinatanuka kuelekea magharibi. Mnywaji aliyekuwa akirudi kwa treni sasa alirudi akiendesha mwenyewe.

Sheria ilikuwa nyuma sana. Kuendesha umelewa lilikuwa kosa, ila ushahidi ulikuwa macho na pua ya askari: mshtakiwa alinuka pombe, aliyumba, ulimi ulikuwa mzito. Wakili hodari aliuliza kama mteja wake hakuwa mgonjwa au mchovu tu, na kesi ikaanza kuyeyuka.

Jibu lilikuwa namba. Norway ilishaweka kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva mwaka 1936, na mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, akabuni mashine iliyoweza kukadiria kiwango hicho kwa pumzi. Jimbo la Victoria lilipitisha 0.05 mwaka 1966, yaani gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. New South Wales ilifuata Desemba 1968 kwa kiwango cha 0.08, kikashushwa hadi 0.05 Desemba 1980. Tatizo lilibaki kwenye mlango wa kuingilia: ili ampime dereva, askari alipaswa kwanza kuona ajali, kosa la barabarani au uendeshaji wa kutia shaka. Mlevi mzoefu aliyejua kunyoosha gari alipita. Mwaka 1978 barabara za jimbo ziliua watu 1,384.

Victoria ilikuwa imeanza kupima bila kushuku tangu 1976, lakini kwa kiasi kidogo. Sydney ilifanya kwa kishindo. Magari ya polisi yaliegeshwa kwenye barabara kuu mahali pa kuonekana na kila mtu, matangazo ya televisheni yakarudiwa hadi watoto wakayakariri, na katika mwaka wa kwanza vilifanyika vipimo karibu milioni moja. Vifo vya barabarani vilishuka kutoka 1,253 mwaka 1982 hadi 966 mwaka 1983.

Ross Homel, mtafiti wa uhalifu aliyeifuatilia sheria hiyo kwa karibu, alionyesha kwamba nguvu yake haikuwa katika ukali wa adhabu. Waliobadilika ni watu ambao hawakuwahi kukamatwa; waliona wenzao wakisimamishwa, wakahesabu kwamba zamu yao ingefika. Tena sheria iliwapa kisingizio cha heshima. Katika baa za Australia wanywaji hupokezana kununua raundi, na kuikataa zamu ni kama kuukataa urafiki. Sasa mtu aliweza kusema polisi wako barabarani, akaagiza soda, na hakuna aliyemcheka.

Mwaka 1985 majaribio yalifanywa sheria ya kudumu. Mipaka yake iliandikwa waziwazi: polisi haruhusiwi kumpima mtu nyumbani kwake, wala baada ya saa mbili kupita tangu aendeshe. Anayekataa kupimwa kituoni huadhibiwa sawa na mlevi wa daraja la juu kabisa, la 0.15 na kuendelea.

Wasomaji wa Kenya wanajua kinachotokea uandishi wa namna hiyo unapokosekana. Alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi wa Kenya, ilipoingia barabarani Desemba 2013, baa za Nairobi zilitikisika kama za Sydney. Lakini wafanyabiashara wa baa walikwenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba kanuni zilizotumika hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe, ikazibatilisha.

Sydney nayo ilikuja kukwama, si kwa pombe bali kwa dawa za kulevya. Desemba 2006, miaka miwili baada ya Victoria, polisi walianza kupima mate ya madereva: unalamba kipimo, na kikionyesha dalili, sampuli nyingine hupelekwa maabara. Kwanza zilitafutwa bangi, methamfetamini na ekstasi. Kokeni iliongezwa Julai 2018. Hapa hakuna 0.05. Chembe ikipatikana, kosa limekamilika, hata kama dereva yuko timamu.

Mwaka 2016 hakimu David Heilpern wa Lismore, kaskazini mwa jimbo, alimwachia huru mtu aliyevuta bangi siku tisa kabla ya kupimwa. Polisi mmoja alikuwa amemwambia kwamba wiki moja ingetosha kusubiri. Mwaka huohuo Australia iliruhusu bangi ya tiba, na tangu hapo mgonjwa mwenye cheti cha daktari ameweza kushtakiwa kwa dawa aliyoandikiwa kihalali. Jimbo la Tasmania linampa mtu wa namna hiyo nafasi ya kujitetea.

Kwa pombe, sheria ya Sydney imeshinda hoja: vifo vya barabarani katika jimbo zima vimekuwa chini ya 400 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, ingawa watu na magari vimeongezeka sana, na mikanda na barabara bora pia vimechangia. Kwa dawa, inapima kilichomo mdomoni na kuacha swali la uwezo wa kuendesha bila jibu. Hilo ni kosa la watunga sheria, na ni wao wanaopaswa kulisahihisha.