Jirani Aliye Kaburini

Kuanzia tarehe 5 Februari 1811 hadi 29 Januari 1820, Uingereza ilikuwa na mfalme mwenye taji na mwanawe mwenye kazi. Mfalme George wa Tatu aliugua maradhi ya akili, na mwana wake mkubwa, naye aliitwa George, akaapishwa kutawala kwa niaba yake. Waingereza huziita zama hizo Rejensi. Sisi tutasema zama za Kaimu Mfalme. Ni miaka tisa tu, lakini riwaya zilizotungwa juu yake hazihesabiki, na vijana wa sharika zetu huziona katika filamu: magauni marefu, magari ya farasi, dansi chini ya mishumaa, na mchumba tajiri anayepatikana mwishoni.

Wapo miongoni mwetu wanaotamani kutunga hadithi za kale, na wengine huuliza kama ni halali Mkristo kuandika mambo ambayo hayakutokea. Bwana wetu alifundisha kwa mifano, na hakuna anayedai kupewa jina la yule Msamaria wala la mwenye nyumba ya wageni. Kutunga si dhambi. Lakini amri ya nane, kama tulivyoikariri tukiwa kipaimara, inakataza kumshuhudia jirani uongo, wala haisemi kwamba jirani akishazikwa amri imekwisha. Marehemu hawezi kusimama barazani na kujitetea. Anayetunga juu yake anawiwa naye kazi ya kuchunguza kwanza.

Pa kuanzia ni vitabu vya kanisa. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 iliagiza ndoa zifungwe katika Kanisa la Anglikana, baada ya matangazo ya Jumapili tatu au kwa leseni. Walioruhusiwa kufuata desturi zao ni Wakwekeri na Wayahudi tu. Mkatoliki na Mbaptisti walikwenda kwa kasisi wa Anglikana, wapende wasipende. Kanuni za kanisa zilitaka ibada hiyo ifanyike kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Kwa hiyo mwandishi anayewafungisha maharusi ndoa jioni sebuleni, bila kibali maalumu cha Askofu Mkuu wa Canterbury, amekosea, hata kama ukurasa wake ni mtamu. Wapenzi waliokataliwa na wazazi walikimbilia Scotland, ambako sheria hiyo haikufika.

Kisha, kuanzia tarehe 1 Januari 1813, vitabu vya ubatizo na mazishi vikawa na fomu zilizopigwa chapa. Kwa ubatizo iliandikwa kazi ya mzazi na mahali anapokaa. Kwa mazishi, umri wa marehemu. Sisi wachungaji tunajua jinsi kujaza daftari za usharika kunavyochosha. Hata hivyo, mwandishi na asome ukurasa mmoja wa mazishi polepole, akihesabu watoto wachanga, ndipo arudi kwenye dansi yake. Na afungue kitabu cha ndoa aone wangapi hawakuandika majina yao, bali walitia alama ya msalaba tu.

Kuna shahidi mwingine wa kanisa, naye ni jiwe. Vita na Napoleon vilikwisha mwaka 1815. Askari walirudi kutafuta kazi, ujira ulikuwa mdogo, bei ya unga ikapanda. Tarehe 22 Mei 1816 vibarua wa Littleport, mashariki mwa Uingereza, waliinuka. Walivunja nyumba na kupora, na nyumba ya kasisi wao, John Vachell, ilikuwa mojawapo. Yeye akatoroka usiku na familia yake. Kesho yake walifika mji wa Ely kudai ujira wa kuwatosha kula. Askari waliletwa kuwazima, na aliyefuatana nao kama hakimu alikuwa Sir Henry Bate Dudley, kasisi pia, maana siku zile kasisi kuwa hakimu lilikuwa jambo la kawaida. Watu 24 walihukumiwa kufa. Kumi na tisa walipunguziwa adhabu. Watano walinyongwa tarehe 28 Juni na kuzikwa kaburi moja. Jiwe katika kanisa la Mtakatifu Maria pale Ely lina majina yao, unyang'anyi waliotiwa hatiani kwao, na onyo kwa wengine.

Jiwe hilo halikusema uongo. Ila neno unga halimo, wala neno njaa. Mtunzi wa hadithi anaweza kulirudisha, mradi asimfanye Vachell kuwa shetani, kwa maana hofu yake usiku ule ilikuwa ya kweli.

Wala tusiwanyoshee Waanglikana kidole peke yao. Huko Whitechapel, mashariki ya London, Wajerumani Walutheri walijenga kanisa la Mtakatifu George miaka ya 1760, na wengi wao walifanya kazi katika viwanda vya kusafishia sukari. Mchungaji mwenzao Steinkopf, wa usharika wa Savoy katika jiji hilohilo, alikuwa katibu wa mambo ya nje wa Chama cha Biblia kilichoanzishwa mwaka 1804. Biblia zilitoka London kwenda Ulaya, na sukari ghafi iliingia London kutoka visiwa vya Karibiani, ambako Waafrika waliilima wakiwa watumwa. Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni hayo hadi sheria ya 1833. Zama zote za Kaimu Mfalme zimo katikati.

Sukari hiyo iliuzwa ikiwa bonge gumu lenye umbo la pia, ikavunjwa vipande na kuletwa mezani pamoja na koleo dogo. Hakuna riwaya ya zama zile isiyo na chai. Mwandishi anaweza kumwacha mgeni mmoja ashike kipande, aulize kimetoka wapi, kisha aone ni nani mezani atakayemjibu.