Siku za Kipimo Kutoona

Katika vituo vya afya vya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, muuguzi aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa amezoea kusema fenêtre sérologique, na anapomgeukia mtu aliyekuja kupimwa sida hutafsiri: "kipindi cha dirisha". Maana yake ni muda ulio kati ya siku ya kuambukizwa na siku ambayo kipimo kinaweza kuyagundua maambukizi hayo. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili dirisha ni mahali pa kuchungulia na kuona, ilhali muda huu ndio ambao kipimo hakioni kitu. Tena dirisha laweza kubaki wazi mwaka mzima. Aliyeambiwa kwamba hana virusi, huku hofu ikiwa bado moyoni, huondoka akidhani kuna jambo ambalo halijafungwa na pengine halitafungwa kamwe. Ningependa tuseme waziwazi "siku za kipimo kutoona". Jina hilo linaweka upungufu kwenye kipimo, si kwenye mwili wa mtu, na siku ni kitu kinachohesabika kikaisha.

Na zinaisha kweli. Kipimo cha haraka cha VVU (virusi vya sida), kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Kwa wengi huonekana baada ya wiki chache, na kufikia siku ya 90 jibu hasi huhesabiwa kuwa la mwisho. Kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe huufupisha muda huo hadi siku 45. Kaswende nayo hupewa miezi mitatu. Kisonono na klamidia, wiki mbili hivi. Hesabu huanza siku ya tendo la mwisho lenye hatari. Waliomeza dawa za kuzuia VVU, na katika eneo la vita kama Beni wapo waliozihitaji baada ya kubakwa, wahesabu kuanzia siku walipomaliza vidonge, kwa sababu dawa hizo zaweza kuchelewesha kingamwili.

Msomaji wa Butembo ana haki ya kupinga kwamba jibu hasi laweza kuwa la mwisho, tena kwa ushahidi wa kwao. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Katika miaka hiyo watu walizoea kwamba jibu hasi la kwanza halitoshi: mgonjwa aliyepimwa kabla ya saa 72 tangu dalili kuanza alipimwa tena. Mwanamume aliyepona aliambiwa atumie kondomu mpaka shahawa zake zipimwe mara mbili na kukutwa hazina virusi. Kisha, tarehe 7 Februari 2021, ugonjwa ukatangazwa upya katika eneo la Butembo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyewahi kupona Ebola, na uchunguzi wa vinasaba ukaunganisha virusi hivyo na mlipuko uliopita. Baada ya hayo, nani atamlaumu anayetaka kupimwa tena na tena?

Simlaumu, lakini Ebola na VVU hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Katika shahawa za aliyepona, virusi hupungua polepole na vinaweza kukosekana leo vikapatikana mwezi ujao. Ndiyo maana kanuni inadai mara mbili. Kingamwili za VVU hupanda, na zikishapanda hazijifichi: asiyetumia dawa za VVU na ambaye hana kingamwili siku ya 90 hatazipata siku ya 200 bila hatari mpya. Hata saa 72 zina maana mbili. Kwa Ebola ni saa za kungojea kipimo. Kwa dawa za kuzuia VVU ni mwisho wa kuanza kuzimeza, na anayechanganya maana hizo mbili anaweza kuchelewa vibaya.

Wengine husema shaka yao ni juu ya kifaa chenyewe. Kifaa cha haraka kina mstari wa udhibiti. Mstari huo usipojitokeza, jibu ni batili, si hasi. Na utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unaonyesha palipo na mashaka zaidi: jibu hasi la kipimo cha kwanza hutolewa kama lilivyo, ilhali jibu chanya halitangazwi mpaka vipimo vingine vilithibitishe. Katika upimaji huu wa hatua kwa hatua, hasi haikuwekwa kwenye kundi la kutiliwa shaka.

Inabaki hofu, ambayo hutoa jasho usiku, huharibu tumbo na hufukuza usingizi, kisha mwenye hofu akazihesabu hali hizo kuwa dalili za sida. Kipimo cha nne hutuliza siku chache, halafu hofu huomba cha tano, kwa kuwa swali lake si la damu tena. Anayeweza kumsaidia hapo ni mshauri wa kisaikolojia, mtu ambaye wakazi wa Beni na Butembo walimzoea wakati wa Ebola. Muuguzi naye ana kazi moja ndogo ambayo sioni ikifanywa vya kutosha: pamoja na neno "hasi", aandike kwenye karatasi ugonjwa uliopimwa na tarehe ambayo siku za kipimo kutoona zilikwisha, au zitakwisha.